Hariri ya Binti Yangu

Fundi Taratibu alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka ishirini na saba, na sare zilikuwa zimemdekeza. Kitambaa cha sare ni kitiifu. Ukikiambia kaa, kinakaa. Ukikosea, unafumua, unapiga pasi, na hakuna atakayejua isipokuwa wewe na Mungu wako. Jina la Taratibu alipewa na wateja, maana hakuwahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, na kila walipomjia juu aliwajibu kwa neno hilo hilo moja, pini zikiwa zimejaa mdomoni.

Kwa hiyo asubuhi ile Msomi alipoegemeza baiskeli yake mlangoni na kuchomoa kitu kinachong'aa kutoka ndani ya foronya, Fundi alirudi nyuma hatua moja.

"Hariri," alisema Msomi.

"Naona," alijibu Fundi.

Hakuwa anaona. Maishani mwake hakuwahi kushona hariri halisi, hata leso. Ni kweli kwamba kwenye kibao cha nje, chini ya neno SARE, paliandikwa "Hariri na Vitambaa Vyote Laini". Lakini hayo yalikuwa maneno ya mchora vibao, aliyesema nafasi imebaki na rangi imeshakorogwa.

Msomi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na sita. Alistaafu kazi ya posta, akaenda chuo kikuu kukaa dawati moja na watoto walio sawa na wanawe, na baada ya wiki tatu angevishwa joho la shahada ya historia. Tasnifu yake, kurasa mia mbili na kumi, ilihusu hariri. Mtaani watu walikuwa wameacha kumuuliza habari za asubuhi, maana habari za asubuhi zilikuwa hariri.

"Unajua uzi wa kiwavi mmoja una urefu gani?" aliuliza, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Karibu kilomita nzima! Uzi mmoja, haujakatika! Mdudu anakula majani ya mforsadi mwezi mzima, hafanyi kingine, kisha anajisokotea nyumba kwa mate yake. Wachina walikaa na siri hiyo maelfu ya miaka. Inasimuliwa kwamba watawa wawili ndio walioiba mayai ya mdudu huyo, wakayaficha ndani ya fimbo zenye uwazi..."

"Kaka."

"...na kule Roma, baraza la wakuu likapiga marufuku wanaume kuvaa hariri. Eti inawalegeza!"

"Kaka, nikushonee nini?"

Msomi akanyamaza. Lilikuwa jambo geni kiasi kwamba Fundi alitoa pini mdomoni ili asikilize vizuri.

Kitambaa kilikuwa cha marehemu mama wa Msomi na dada zake wawili. Mama alikinunua akiwa msichana na hakuwahi kukishona, kwa kuwa hakuwahi kumpata fundi wa kumwamini. Kila mwaka alikitoa, akakianika kivulini, akakikunja upande mwingine ili mikunjo isikikate, akakirudisha. Miaka mitatu iliyopita, akiwa amelala kitandani kwa ugonjwa wa mwisho, binti zake wawili wakiwa chumbani, mmoja kichwani na mmoja miguuni, alifumba macho akasema, "Hariri ni ya binti yangu." Hakuongeza neno. Kesho yake akafariki.

"Binti yupi?" aliuliza Fundi.

"Ndiyo hiyo tasnifu ambayo hakuna aliyeiandika," alisema Msomi. "Wa kichwani anasema mtu huongea na aliye karibu na mdomo wake. Wa miguuni anasema mtu huongea na anayemtazama. Na Mama alikuwa amefumba macho! Tangu siku ya pili ya msiba hawajasemeshana. Mmoja akiwa sebuleni kwangu, mwingine anakaa jikoni. Hata majina hawatajani. Wanaitana 'yule'." Akasimama, akakung'uta suruali. "Nataka siku ya mahafali yangu wote wawili waivae hariri ya Mama. Namna gani, wewe ndiye fundi."

Kabla Fundi hajafungua mdomo, baiskeli ilikuwa imeshakata kona.

Alikitandaza kitambaa mezani. Kilikuwa na rangi ya ganda la kitunguu chekundu, lakini ukikiinamia kilikuwa zambarau, na ukisogea dirishani kilikuwa dhahabu. Kilikaa mezani kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha, bila kuguswa, kikaanza kuteremka, mkunjo mmoja baada ya mwingine, hadi chote kikawa sakafuni. Fundi akakiokota, akakiweka tena. Kikateremka tena. Mara ya tatu alikigandamiza kwa pasi baridi, kopo la vifungo na biblia, na bado pembe moja ikawa inaning'inia na kutikisika, kama mtu anayesubiri upate usingizi atoroke.

Alinyofoa nyuzi mbili tatu za ukingoni, akaziwasha kwa kiberiti. Kama ni bandia, zingeyeyuka na kuacha kitone kigumu chenye harufu ya plastiki. Ziliungua polepole zikanuka nywele, zikabaki majivu laini. Ilikuwa halisi. Fundi aliketi. Alikuwa ameomba kimoyomoyo iwe bandia.

Wa kwanza kuja alikuwa dada mkubwa, Matroni. Alikuwa amesimamia wodi za hospitali miaka thelathini na minne, na ingawa alikwisha kustaafu, bado aliingia chumbani kana kwamba kuna mgonjwa aliyefichwa au kitanda ambacho hakijatandikwa. Alikuwa mwanamke wa kujaa mlango. Alipitisha kidole juu ya cherehani, akakitazama kidole, akasema, "Nipime."

"Vua koti kwanza, dada."

Fundi alipozungusha utepe nyongani, Matroni akavuta pumzi nyingi sana, akaizuia.

"Pumua, dada."

"Ninapumua," alisema Matroni bila kupumua.

"Sentimita mia moja na kumi na mbili."

"Andika hiyo hiyo," alisema kwa sauti ya mtu aliye chini ya maji. Aliporuhusu pumzi itoke, utepe ulimtoka Fundi mkononi. "Yule amekuja?"

"Bado."

"Akija, mwambie gauni limeshapimwa."

Mdogo wake alikuja saa nane mchana, kwa gari lenye bango la mwanafunzi kwenye paa na kijana aliyelowa jasho kwenye usukani. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva. Jina alilopewa na dunia nzima lilikuwa Breki, kwa kuwa hata akimwona mtu anakaribia kumwaga chai alipaza sauti, "Breki!" na kukanyaga chini kwa mguu wa kulia. Alikuwa mrefu na mwembamba, nyonga tisini na mbili baada ya chakula.

"Yule amekuja?" aliuliza, mikono juu, akipimwa.

"Amekuja."

"Akachukua njia yote, kama kawaida yake. Sikia, Fundi. Mita ngapi hiyo?"

"Nne kasoro kidogo. Na upana wake mdogo. Magauni mawili hayatoki. Labda blauzi mbili..."

"Blauzi!" Breki akakanyaga chini. "Mama aseme 'hariri ni ya binti yangu' halafu nivae nusu? Siku utakayokata kitambaa kile vipande viwili, unikate na mimi."

Matroni, alipoulizwa habari za blauzi kwa simu, alijibu kwamba mkasi ukiingia katikati ya hariri ya mama yake, yeye ataingia katikati ya mkasi na hariri. Hapo maji yakawa yamemfika Fundi shingoni.

Siku tatu hakushona kitu. Alikaa akikitazama kitambaa na kitambaa kikamtazama. Siku ya nne alikiokota sakafuni kwa mara ya mia, akakivuta bila kukusudia kwa pembe mbili zinazokabiliana, na kikarefuka mikononi mwake kama mpira, kisha kikarudi. Akakivuta tena. Kwa urefu hakikuvutika. Kwa upana hakikuvutika. Lakini kwa mshazari, kona kwa kona, kilijiachia.

Fundi alisimama katikati ya chumba akicheka peke yake. Gauni lililokatwa kwa mshazari halina umbo lake lenyewe, linachukua la anayelivaa. Akilikata pana kwa Matroni na kuweka kamba mbili za kufunga nyuma ya kiuno, Breki angezivuta kamba, na hariri yenyewe ingemaliza kazi iliyobaki. Gauni moja, dada wawili. Asubuhi mahafali, mchana chakula nyumbani kwa Msomi.

Kilichobaki ni kuwaambia, na hapo ndipo Taratibu alipoonyesha kwamba hakuwa taratibu katika kila jambo.

"Dada Matroni," alisema, "wewe ndiye utakayelivaa la kwanza. Likiwa jipya. Halijaguswa na ngozi ya mtu."

Matroni akatafakari. "Na yule?"

"Yeye atavaa lililokwisha kuvaliwa."

Matroni akakubali.

"Mwalimu," alimwambia Breki, "yeye atalivaa watu wote wakimtazama mwenye joho. Nani atamwona? Wewe utalivaa mchana. Watu wameshakaa, wana njaa, macho yote mlangoni. Unaingia."

Breki akaitazama barabara kwa muda. "Naingia," alisema. Akakubali. Wote wawili waliweka sharti moja lile lile, kwamba wakati wa kubadilishana wasionane uso kwa uso. Fundi akaahidi.

Kazi ilimla wiki mbili. Alishonea kitambaa chote juu ya shuka kuukuu ili kisitoroke, akakata vyote viwili pamoja akiwa amezuia pumzi kuliko Matroni. Alinunua sindano nyembamba, maana ya sare ilitoboa hariri kama risasi. Kila mshono aliushona mara mbili, kingo zikafichwa ndani, kwa sababu hariri ikiachwa wazi hufumuka hadi ikukute nyumbani. Tone la maji likiiangukia huacha alama, kwa hiyo alifanya kazi akiwa na taulo shingoni na kitambaa kichwani, na mteja yeyote wa sare aliyeingia akitaka kulalamika alisimamishwa mlangoni kwa kidole: usipige chafya. Alipolitundika gauni lilivyo, bila pindo, siku mbili nzima ili lijivute lenyewe, upande mmoja ulishuka kuliko mwingine kwa upana wa kiganja. Alilia. Alilia akiwa ameinamia upande mwingine, kwa tahadhari. Kisha akasawazisha pindo kwa mkono, na lilipokamilika hakuamini kwamba limetoka katika chumba chake.

Siku ya mahafali Matroni aliingia ukumbi wa chuo akiwa na rangi tatu kwa wakati mmoja. Watu waligeuka. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alisema, "Jamani, tazama kitambaa hicho," na Matroni, aliyesikia, akapunguza mwendo. Msomi alipoitwa jina na kuvuka jukwaa, kofia imemkaa kisogoni, dada zake wote wawili walipiga vigelegele kutoka pembe mbili za ukumbi, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake.

Mpango wa kubadilishana ulikuwa mwepesi. Vyoo vya wanawake vilikuwa na vijumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mbao usiofika darini. Matroni angeingia cha kushoto, Breki cha kulia. Gauni lingepitishwa juu ya ukuta. Fundi angesimama katikati kama askari wa mpaka. Hakuna uso kuonana na uso.

Saa sita na nusu kila mtu alikuwa mahali pake. Komeo la kushoto likalia. Komeo la kulia likalia.

"Fungua vishikizo vya ubavuni kwanza, dada," alisema Fundi kupitia mlangoni. "Halafu lipandishe taratibu."

"Usinifundishe kuvua nguo. Nimevua wagonjwa maelfu."

Pakawa na kimya. Kisha mchakacho wa hariri. Kisha pumzi nzito. Kisha kimya cha namna nyingine.

"Dada?"

"Mm."

"Limetoka?"

"Limefika kichwani," ilisema sauti ya Matroni, ikitoka mahali penye giza. "Linakataa kwenda mbele."

Ukumbi ulikuwa na joto, na Matroni alikuwa amepiga vigelegele vingi. Hariri iliyopata jasho ilikuwa imemng'ang'ania mgongoni kama ngozi ya pili, na mikono yake ilikuwa imekwama juu, imenyooka, ndani ya gauni. Na ule upana wa mia moja na kumi na mbili, uliopimwa kwa pumzi ya kuzuia, sasa haukutosha kupita mabegani.

"Nifungulie mlango, nikusaidie!"

"Nitafunguaje komeo? Mikono iko juu!"

"Basi lishushe tena."

"Halishuki! Nalivuta..."

Ndani ya gauni, uzi mmoja ulisema *tik*.

"BREKI!"

Mguu wa kulia ulikanyaga sakafu ya kijumba cha pili. Kisha likasikika jambo la kushangaza: kifuniko cha choo kikishushwa, mtu akipanda juu yake, na kichwa cha Breki kikatokea juu ya ukuta wa mbao. Akatazama chini. Aliona shimizi nyeupe, magoti mawili, na juu yake gauni lililojaa, lenye rangi tatu, lisilo na kichwa, mikono imeinuka kama linajisalimisha.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Breki akamsemesha dada yake.

"Usivute. Umenisikia? Ondoa mguu kwenye mafuta."

Gauni likatulia. "Nani huyo?" liliuliza, ingawa lilijua.

"Ni mimi. Sasa sikia. Uko kwenye tope. Ukikanyaga mafuta unazama. Toa pumzi nje. Nje yote! Hivyo. Sasa inama mbele kidogo, kama unasalimia. Kata kushoto. Kushoto kwako, dada, si kwangu!"

"Sioni kushoto!"

"Mkono unaovalia saa! Basi. Rivasi kidogo. Polepole. Shikilia hapo hapo."

Breki aliinua mguu apande ukuta, akaona hautambeba, akashuka, akafungua mlango wake, na mbele ya Fundi aliyeshika kichwa, akajilaza sakafuni na kupenya chini ya mlango wa kushoto kama barua. Wembamba wake ulikuwa haujawahi kumfaa hivyo. Alisimama ndani, kifua kwa tumbo na dada yake, katika nafasi iliyojengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye haraka.

"Mikono yako baridi," lilisema gauni.

"Tulia."

Breki alipitisha kiganja kati ya hariri na mgongo, akiibandua kidole kwa kidole. Alipofika mabegani akasimama.

"Dada. Unalia?"

"Linanuka Mama," alisema Matroni humo ndani. "Likilowa linanuka sanduku lake."

"Usililie! Machozi yanaacha alama!" alipaza sauti Fundi kutoka nje, na hapo hapo akajuta.

Breki aliinamisha pua kwenye kitambaa. Alikaa hivyo kidogo. "Kweli," alisema. Kisha akasema, "Dada, unakumbuka Mama alimwitaje paka?"

Gauni likafikiri. "Alimwita... binti yangu."

"Na yule nesi wa zamu ya usiku?"

"Binti yangu."

"Mimi akiniita alianza na jina lako, akaenda la shangazi, akaja la mtoto wa jirani, akachoka, akasema binti yangu. Alikuwa amefumba macho, dada. Hakujua nani yuko kichwani na nani yuko miguuni."

Mabega ya gauni yakaanza kutikisika. Fundi akajua kilio kimekuja, hariri imekwisha. Lakini sauti iliyotoka ndani ilikuwa ya mtu anayekabwa na kicheko.

"Kwa hiyo," alisema Matroni, akihema, "tumegombania hariri ya paka."

Breki aliangua kicheko akajigonga ukutani. Matroni alicheka hadi pumzi yote ikamtoka, na pumzi ilipotoka, mabega yakasinyaa, na gauni likateleza likamvuka kichwa lenyewe, bila kuvutwa, likamwangukia Breki usoni.

Komeo lilifunguliwa kutoka ndani. Dada wawili walisimama pale, mmoja na shimizi, mwingine na hariri kichwani, nywele zimesimama pande zote. Fundi ndiye aliyesema kwanza. "Hamjachana kitu? Geuza. Geuza nione mshono." Uzi mmoja tu wa kwapani ulikuwa umekatika. Aliushona pale pale, Breki akiwa ameshalivaa, kamba zimevutwa nyuma. Na hariri ikafanya kama alivyotumaini: ikamfuata Breki chini kama maji yanavyofuata ukuta, na kumwonyesha kiuno ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisahau.

"Umependeza," alisema Matroni, kwa shida kidogo.

"Wewe pia ulipendeza. Nilikutazama tangu mlangoni. Sikutaka."

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba gauni la pili la Matroni lilikuwa kwenye gari la jirani aliyemleta, na jirani alikuwa ameshatangulia kwenye chakula. Sketi ya Breki ilimfika Matroni magotini, ikagoma. Nje walisikia wageni wakiitwa kwenye picha ya familia.

Fundi alitoka mbio. Alimkuta Msomi chini ya ngazi, akimweleza mkuu wa chuo kwamba mdudu wa hariri ana macho lakini haoni mbali.

"Kaka, vua joho."

"Nini? Kabla ya picha?"

"Vua. Utaelezwa."

Kwa hiyo katika picha ya familia, inayoning'inia sebuleni kwa Msomi hadi leo, mhitimu amevaa shati la mikono mifupi na tai, anaonekana kama mtu wa kuendesha basi la chuo. Kushoto kwake yuko Breki ndani ya hariri. Kulia kwake yuko Matroni, amevaa joho jeusi hadi kwenye vifundo vya miguu, na kofia pia, kwa sababu alisema joho bila kofia ni kama nesi bila saa. Wageni ambao hawakumjua walimpa mkono. "Hongera sana, mama! Kwa umri huu!" Mara ya kwanza alitaka kuwaeleza. Mara ya pili alitabasamu. Ilipofika mara ya tano alikuwa akijibu, "Asante. Haikuwa rahisi."

Mchana, wageni wakiwa wameketi na njaa, macho mlangoni, Breki aliingia. Fundi hakuwa amemdanganya. Watu walinyamaza. Msomi akasimama na glasi, akaanza hotuba iliyopita Uchina, ikavuka majangwa na misafara ya ngamia, na ilipofika Roma watu wakawa wameanza kula chini kwa chini. Lakini kabla ya kukaa alisema kitu ambacho hakikuwamo kwenye tasnifu. Alisema watu walitembea miaka na miaka jangwani wakibeba kitambaa hiki ili kiwafikie watu wasiowajua, na kwamba yeye alikuwa amekaa nacho miaka mitatu chini ya kitanda, hatua kumi kutoka sebuleni ambako dada mmoja alikaa, na hatua kumi na mbili kutoka jikoni. Alishindwa kuendelea. Matroni, akiwa bado na joho, alimpitishia leso juu ya meza. Breki alimpitishia maji.

Tangu siku hiyo dada hao wanapigiana simu asubuhi, mchana na jioni, na Msomi, aliyezoea utulivu, ameanza kusema kwamba kimya kilikuwa na faida zake. Gauni linakaa kwa Matroni wiki mbili na kwa Breki wiki mbili, limefungwa ndani ya foronya safi, na siku ya kukabidhiana hukaguliwa kama gari la kukodi.

Fundi Taratibu alidhani kazi imekwisha. Jumatatu yake, kabla hajafungua dirisha, wote wawili walikuwa mlangoni, pamoja, gauni katikati yao.

"Tunataka mfuko," alisema Breki. "Wa funguo. Hapa ubavuni."

"Yeye ndiye anayetaka mfuko," alisema Matroni. "Mimi nataka mikono iwe mirefu, na nimemwambia atakayetoboa hariri ya Mama kwa ajili ya funguo za gari la wanafunzi..."

"Mikono mirefu utaitoa wapi? Kitambaa kimekwisha!"

"Mabaki yapo. Fundi, mabaki yapo?"

Nyuma yao, kwenye ngazi, walikuwa wamesimama wanawake watatu wasiojulikana, kila mmoja amekumbatia mfuko, na kwenye mdomo wa kila mfuko palionekana kitu kinachong'aa. Walikuwa wamesoma kibao.

Fundi akatia pini mdomoni, moja moja, hadi zote sita. "Taratibu," alisema. "Taratibu. Nani wa kwanza?"